Mgeni Aliyeosha Vyombo

Wiki iliyopita mliniacha Riyadh, nimekalia begi langu nje ya duka la kahawa, nalia, na mume wangu Nahashon ananipiga video. Alisema watazamaji wanapenda machozi ya kweli.

Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa nyama kabla hajalisoma, nitarudia kwa ufupi. Mimi ni Metrine, wa Bungoma. Tulitoka Nairobi na mabegi mawili ya mgongoni kuzunguka miji mikubwa ya Asia, tupige video, dunia itujue. Mumbai tuliibiwa viatu tukiwa tumelala kwenye treni. Bangkok tumbo lilinilaza hadi nikaufahamu ukuta wa chumba kuliko mji wenyewe. Kuala Lumpur mvua iliingia kwenye kamera. Na Riyadh tulikuta chumba tulichoagiza kwenye mtandao kina familia nyingine ndani, na mwenye chumba hashiki simu.

Ilibaki Jeddah, kisha Istanbul siku ya Jumapili. Nilishamwambia Nahashon kwamba baada ya Istanbul mimi narudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza alikubali bila kunibishia. Sikutaka kingine. Jumapili ifike, tupande ndege tukiwa wawili, halafu nyumbani.

Basi pale dukani akatokea Abu Mazin, Mwarabu mwenye kitambi na kicheko, mwagizaji wa matairi kupitia Bandari ya Jeddah. Aliuliza kwa Kiingereza mama analilia nini. Kabla kahawa yake haijapoa, mabegi yetu yalikuwa ndani ya gari lake. Alisema ana nyumba Jeddah yenye vyumba visivyolaliwa na mtu, na mgeni ni baraka.

Wale mlionitumia ujumbe mkinionya nisiingie gari la mtu nisiyemjua, asanteni sana, lakini nilikuwa nimeshaingia. Na niseme ukweli, huyo mzee hakuwa mtu mbaya.

Njiani, jangwa kulia na jangwa kushoto, Abu Mazin alitueleza mila yao. Kwao mgeni hukaa siku tatu bila kuulizwa shida yake wala kuguswa na kazi. Analishwa, ananyweshwa, anaheshimiwa. Nahashon, ambaye hawezi kuona watu wamenyamaza, akamwambia kwetu ni tofauti: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Abu Mazin alicheka mpaka akapunguza mwendo. Alinitazama kwenye kioo akasema nisiogope, Jeddah hakuna shamba.

Nilicheka na mimi. Nilikuwa nimelegea kwa furaha ya kukaa kwenye kiti laini.

*

Nyumba ilikuwa mtaa wa Al-Safa, ukuta mrefu, geti la chuma, na ndani ya geti kufuli. Mlangoni tuligawanywa. Nahashon alipelekwa kulia, kwenye majlisi, sebule ya wanaume. Mimi nilipelekwa kushoto kwa wanawake. Kuanzia hapo mume wangu nilimwona wakati wa kulala tu, akiwa ananuka ubani na nyama ya kondoo, mwenye furaha kuliko siku zote za ndoa yetu.

Upande wetu walikuwa wawili. Mama yake Abu Mazin, waliyemwita Hajja, mgonjwa wa miguu, na Madam Wafaa, mke wa Abu Mazin, mwanamke mrembo mwenye uso wa mtu aliyekosa usingizi. Madam alinishika mikono yote miwili akaniketisha kwenye mto. Kiingereza chake kilikuwa maneno matatu. Vizuri, vibaya, na imekwisha.

Kisha likaja sinia la wali na kondoo, na aliyelibeba peke yake alikuwa mwanamke mweusi wa makamo, amevaa sare ya kijivu. Alipoliweka chini alishika kiuno, akashusha pumzi akasema, "Wuuui, mayi." Nikaruka. Hiyo ni pumzi ya kwetu.

Alikuwa Euphrasia, wa Mumias. Mama Brayo. Alitoka nyumbani mwanawe Brayo akiwa darasa la sita, na sasa kijana anamaliza sekondari na sauti imekuwa nene hata kwenye simu hamtambui. Mkataba wake ulikwisha kitambo. Alinieleza hayo akinipakulia wali, kwa Kiswahili cha haraka, huku Madam akitabasamu akidhani tunazungumzia kondoo.

Sasa naomba mnielewe hapa, maana ndipo nilipojimaliza.

Mama yangu alitulea kwa mwiko. Mgeni aliyekuja kwetu akala akanyoosha miguu, mama alimwita mgeni wa serikali, na hakusahau jina lake. Nikienda kwa watu, hata kama ni harusi, lazima nishike sufuria moja. Sasa unataka nikae kwenye mto nikitazama mama wa Mumias, sawa na shangazi yangu, akiinama juu ya vyombo vya ukoo mzima?

Nilinyanyuka na sahani yangu. Madam akaruka kama aliyeona nyoka, akaninyang'anya, akanirudisha kwenye mto. Euphrasia alifasiri kwamba mgeni haruhusiwi, ni aibu kwa nyumba. Siku hiyo nilitii.

Kesho yake, Madam alipolala mchana, nikaingia jikoni kimya kimya nikakunja mikono. Sinki lilikuwa limejaa. Tuliosha pamoja na Mama Brayo, tukaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, tukacheka. Ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote tangu Nairobi. Naandika hivyo ingawa inaniuma.

Madam alitukuta. Alitazama mikono yangu yenye povu, akamuuliza Euphrasia kitu. Euphrasia alimjibu kwa Kiarabu kirefu, kirefu kuliko swali. Madam akaniangalia tena, safari hii kutoka kichwani hadi miguuni, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeelezwa jambo likaeleweka.

Nilimuuliza Mama Brayo wamesema nini. Alisema Madam ameshukuru.

*

Siku ya tatu nilipika chapati. Hakuna aliyenituma. Hajja alizila, akataka nyingine, akaziita kwa jina langu, akanibusu paji la uso. Madam akasema vizuri, vizuri, vizuri. Nilivikwa kilemba cha ukoka na mimi nikakikaza vizuri kisianguke.

Kuanzia hapo nilisahau kukaa kwenye mto, na sikuona kwamba hakuna aliyenikumbusha. Vyombo vya chai vilianza kuletwa vikiwekwa upande wangu wa sinki. Hajja alipotaka kukandwa miguu, alitaja jina langu. Mimi nilidhani nimependwa.

Jioni moja Nahashon aliniambia Abu Mazin anarudi Riyadh na amemwalika. Kuna shamba la ngamia la kaka yake, kuna mbio, kuna jangwa, mambo ambayo watalii hawaonyeshwi. Alisema hii ndiyo video itakayotutoa. Mimi sikuweza kwenda kwa sababu safari ilikuwa ya wanaume. Angerudi Jumamosi, na Jumapili tungepanda ndege.

Sikupenda. Nilimwambia sipendi. Alinikumbatia akasema hapa niko salama kuliko hotelini, nimepata mama, nimepata dada, nitake nini tena.

Waliondoka alfajiri. Saa ya chai, Euphrasia alinijia akasema kesho wanakuja mafundi wa rangi, na Madam anaomba pasipoti yangu aifungie kwenye sefu pamoja na dhahabu, mafundi hawaaminiki. Nilipanda ghorofani mwenyewe, nikaichukua kwenye begi, nikampa mkononi. Hata niliiwekea kwenye kimfuko cha plastiki isipate rangi.

Mafundi hawakuja. Asubuhi iliyofuata niliporudi kutoka kuoga nilikuta sare ya kijivu imewekwa kitandani pangu, imepigwa pasi. Nilidhani ni zawadi ya ajabu ajabu, nikacheka. Kisha Madam akapita mlangoni, akagusa saa yake akasema, "Yalla, Metrine."

Nilishuka jikoni na ile sare mkononi kumuuliza Mama Brayo maana yake.

Nilimkuta amevaa gauni la maua, nywele zimesukwa upya, viatu vya safari mguuni. Sanduku lake lilikuwa limefungwa kwa kamba mbili. Aliponiona alianza kufuta meza iliyokuwa safi.

Nilimuuliza anaenda wapi. Alisema nyumbani. Nilimpongeza. Ndiyo, wasomaji wangu, nilimpongeza kwanza, nikamkumbatia na sare ikiwa katikati yetu. Ni yeye aliyenisukuma.

"Usinikumbatie, Metrine," alisema. "Madam aliniambia sitoki mpaka apatikane mwingine. Kila mwaka ananiambia hivyo. Nimemngoja huyo mwingine mpaka nikakata tamaa. Halafu ukaja wewe, na sabuni mkononi."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia umekuja kutafuta kazi na unaona haya kusema. Nimemwambia ndiyo sababu huwezi kukaa. Mgeni gani anaosha vyombo, mdogo wangu? Hapa hawajawahi kumwona. Hata nisingesema, angefikiria mwenyewe."

Nilimwambia mimi ni mke wa mtu, nina tiketi ya Jumapili, nimekuja kutembea. Alinijibu kwamba na yeye alikuja kwa muda mfupi. Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na bado alikuwa anafunga mkoba wake. Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumwonea huruma, na hasira ikashinda, nikamwambia Mungu atamlipa.

"Anilipe," alisema. "Lakini nikiwa Mumias."

Dalmas, dereva wa nyumba, mtu wa Homa Bay asiyependa maneno, alipiga honi. Madam alitoka na bahasha ya kahawia iliyofungwa, akampa Dalmas, sio Euphrasia. Ndivyo wanavyofanya. Pasipoti ya mfanyakazi hushikwa na dereva mpaka kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, asije akatorokea mjini. Hajja alilia. Mama Brayo alimbusu mkono, akaburuta sanduku, hakugeuka. Geti likafungwa, Madam akazungusha kufuli, ufunguo akautia kwenye mfuko wa joho lake.

*

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini siku hiyo hata hasira ilinikimbia. Nilipanda chumbani nikampigia Nahashon. Simu yangu ilikuwa haina laini ya pale, natumia intaneti ya nyumba, na picha ilikuwa inakatika katika. Nilimwona amevaa kilemba chekundu cha Kisaudi, nyuma yake ngamia.

Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Nilitarajia atapiga kelele. Nilitarajia atasema anakuja sasa hivi, hata kwa miguu. Alijikuna shingo.

"Met, tulia. Si kitu kikubwa hivyo."

"Nahashon, nimepewa sare."

"Abu Mazin aliniuliza tukiwa majlisi. Aliniuliza kama sina neno ukimsaidia mkewe kidogo hadi wapate mtu. Nikamwambia mafi mushkila, hakuna shida. Ningesema nini na mtu ametulisha hivi?"

Nilimuuliza hiyo kidogo ni mpaka lini. Alisema hawakuingia kwenye hayo. Nilimuuliza Istanbul je. Ngamia akalia nyuma yake.

"Istanbul naweza kutangulia," alisema. "Nipige zile picha, utanifuata. Na wewe, babe, tuseme ukweli, hakuna aliyekutuma uoshe vile vyombo."

Niliitazama ile simu. Huyu ndiye mtu niliyemwekea sahani ya chakula ikiwa moto kila siku tangu tuoane, na nilidhani anaona. Kumbe alikuwa anaona, akahesabu kwamba mimi na sinki hatutengani. Nililia, na safari hii hapakuwa na kamera. Halafu nikakumbuka kwamba pasipoti yake yeye haikuombwa na mtu, iko kwenye mkoba wake wa kiunoni, anatembea nayo jangwani.

Ndipo nilipoona ukubwa wa shimo. Mume amekubali. Mwenye nyumba amekubaliwa. Aliyekuwa akifasiri maneno yangu ameondoka nayo. Na kutoka bila pasipoti, mwanamke mweusi peke yake barabarani, ni kutoka uokotwe ukiitwa mtoro wa kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, na mimi sina hata huyo kafili wa kutoroka.

Nilishuka. Sikuvaa ile sare. Nilimkuta Madam kwenye sebule ya wanawake akimkanda Hajja miguu mwenyewe, vibaya, na Hajja anagumia. Nikasimama mbele yao nikasema neno moja ambalo halihitaji mkalimani.

"Pasipoti."

Madam alichukua simu yake, akaisemesha kwa Kiarabu, ikanijibu kwa Kiingereza cha mashine, sauti ya mwanamume asiye na haraka. Ilisema mume wangu amekubali. Ilisema Euphrasia amesema nimekubali. Ikauliza kwa nini nimebadilika leo, wakati yeye amemwachilia msaidizi wake kwa ajili yangu.

Nikaisemesha na mimi simu ileile. Nikasema mimi ni mgeni. Ikamwambia.

Madam aliisikiliza mara mbili. Kisha alinitazama, na nawaapia sikuona ukatili, niliona mtu aliyechoka ambaye anahisi ametapeliwa. Alionyesha mikono yangu, akaonyesha jikoni, akaonyesha sahani ya chapati kwenye meza ya Hajja. Aliiuliza simu, nayo ikaniuliza: "Mgeni hufanya haya?"

Ningemweleza vipi mama yangu na mwiko wake kupitia mashine?

Nikarudia pasipoti, pasipoti, kwa sauti iliyokuwa inapanda. Hajja akaanza kulia kwa hofu. Madam akainuka kwa hasira, nikasikia ngazi, nikasikia mlango wa sefu ukibamizwa. Akarudi akaitupa pasipoti juu ya meza, kando ya chapati. Simu ikasema sisi si wezi. Ikasema chukua kitu chako. Ikasema geti halifunguliwi mpaka Abu Mazin arudi, wanaume waje wamalize wenyewe walichoanzisha.

Sikujali geti. Kitabu changu cha buluu kilikuwa mkononi. Geti mtu anaweza kulipanda. Nilikimbilia jikoni, mahali pekee ndani ya nyumba ile nilipojua kila kona, nikafunga mlango, nikaibusu pasipoti. Nikaifungua nione uso wangu.

Haukuwa uso wangu. Alikuwa Mama Brayo, kijana zaidi, amenyoa, ananitazama kwa macho makavu.

Pasipoti za Kenya zinafanana zote. Kwenye sefu zilikuwa mbili, na Madam alitia kwenye bahasha pasipoti iliyotangulia mkononi mwake, yangu.

Sikuwa nimekaa chini simu yangu ikaita kwa ile intaneti ya nyumba. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi na magurudumu ya masanduku.

"Metrine," alisema Euphrasia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama. "Dalmas amenipa bahasha kwenye kaunta, nimeifungua. Ni wewe ndani."

"Najua."

"Bado kuna muda. Ndege haijafunga. Nimemwambia Dalmas nimesahau dawa zangu, ndio tunatoka uwanjani, tunarudi sasa. Usimwambie Madam. Ukimwambia ataituma yangu kwa Dalmas, na yako itarudi kwenye sefu, wala hutaiona tena. Mdogo wangu, tafadhali. Unipe yangu nikupe yako, kila mtu aende zake."

Ilikuwa njia nzuri. Nyote mnaiona kwamba ilikuwa nzuri. Mtu mwenye akili angesema ndiyo haraka.

Mimi nilifikiria kitu kingine. Nilifikiria kwamba ndege ile ikiondoka bila yeye, mwenye jikoni atakuwa amerudi jikoni kwake, na Madam hatakuwa na haja na mimi. Nilifikiria sabuni mkononi mwangu na Kiarabu chake kirefu. Na niwaambie bila kupaka mafuta, nilisikia utamu. Nilikuwa nimeshika maisha ya mtu kati ya vidole viwili, kama Madam alivyoyashika, na yalikuwa mepesi.

Aliniuliza kama niko. Nilikata simu.

Nilifungua debe la unga wa chapati, nikaisukuma pasipoti ya Mama Brayo hadi chini, nikasawazisha unga juu yake kwa kiganja, nikafunika. Kisha nikanawa mikono, nikavaa sare ya kijivu, nikabandika chai. Madam alipoingia jikoni alinikuta nikipanga vikombe kwenye sinia. Alishusha pumzi, uso wake ukalainika, akanigusa bega akasema vizuri. Hata alinisikitikia kidogo, niliona.

Nilipeleka chai. Nilimkanda Hajja miguu. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa, na jambo hilo linanitisha hadi leo ninapoliandika.

Kikombe cha Hajja hakikuwa kimefika nusu, honi ya Dalmas ikalia nje.

Madam alidhani ni mkate aliomwagiza. Hakujisumbua kuinuka. Kufungua geti ni kazi ya mfanyakazi, na mfanyakazi sasa nilikuwa mimi. Alitia mkono kwenye mfuko wa joho akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja changu bila hata kunitazama.

Nilitembea hadi uani. Jua lilikuwa kali, chuma cha geti kilikuwa cha moto. Kupitia ufa mdogo kati ya geti na nguzo niliona gauni la maua, na mkono umeinuliwa, na ndani ya mkono kimfuko cha plastiki nilichokitia pasipoti yangu mwenyewe isipate rangi.

"Metrine," alisema polepole, mdomo wake umegusa chuma. "Niko na yako. Umeshika yangu?"

Yangu ilikuwa hapo, umbali wa mkono tu. Yake ilikuwa ndani, chini ya unga, na kati yangu na jikoni Madam alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuona kwa nini nachelewa na mkate.

Ufunguo ulikuwa umeshaingia kwenye kufuli.